Mabeseni Mawili ya Maji ya Buluu

Kila siku ya likizo, akimaliza kufagia, Mdadisi alikaa kando ya cherehani ya shangazi yake akikata nyuzi kwenye mapindo ya sare. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto yule hachoki kuuliza.

Shule zilikaribia kufunguliwa, lakini nyuzi za kukata hazikuwepo. Wateja walipita mlangoni bila kugeuza shingo, wakielekea duka jipya ng'ambo ya barabara. Huko kipaza sauti kilibwata kutwa kwamba sare za duka hazichuji rangi kamwe, ila za mafundi wa mtaani zinachuja na kuwasha ngozi. Wenye maduka makubwa hawakuanza jana mchezo huu: wanamchafua mnyonge kwanza, kisha wanachukua wateja wake. Hali ikiendelea hivyo, kibanda cha shangazi kitafungwa.

Mdadisi aliuliza kama watu wale walishawahi kufua hata sare moja ya shangazi.

"Wafue wapi? Ni mdomo tu," shangazi alijibu. Kwa hasira akamwagiza aandike ubao: SARE ZETU HAZICHUJI MILELE. Mdadisi akauandika kwa mbwembwe, akautundika mlangoni.

Hata hivyo swali lilimkereketa. Alimwomba rafiki yake kipande cha pindo la sare aliyonunuliwa duka la ng'ambo ya barabara, akakiloweka kwenye beseni. Kwenye beseni jingine akaloweka kitambaa cha shangazi. Maji ya beseni la kwanza yakawa buluu kama wino. Akaanza kucheka, kisha akachungulia beseni la pili, kicheko kikakatika.

"Shangazi, na chetu kinachuja."

"Kidogo tu. Na wewe usinitangazie."

Mama wa rafiki yake naye alikuwa amefua sare ile pamoja na mashati meupe, yote yakageuka buluu. Alikwenda moja kwa moja kushtaki kwenye ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi. Mkaguzi wa ofisi hiyo alipofika dukani, alimtaka mwenye duka aonyeshe ushahidi kwamba alipima vitambaa vyake na vya mafundi. Hakuwa na kitu. Aliamriwa arudishe pesa za watu na akanushe maneno yake kwa kipaza sauti kilekile.

Kisha mkaguzi akavuka barabara, akasimama mbele ya ubao wa shangazi.

"Na huu, mama, ni kweli?"

Shangazi alimtazama Mdadisi. Mdadisi alitazama mabeseni. Shangazi akainuka, akaushusha ubao kwa mkono wake.

"Si kweli. Niliona wenzangu wanapata kwa uongo, nikaiga. Mtoto huyu ndiye aliyeloweka vitambaa kwenye mabeseni yale, akaona vyote vinachuja."

Mkaguzi alimgeukia Mdadisi. "Sheria haimkatazi mtu kusifu mali yake, mwanangu. Inamkataza kumdanganya mnunuzi na kumzushia mwenzake. Haijali duka ni kubwa au ni kibanda. Ukisikia tangazo, fanya ulivyofanya: uliza, kisha pima."

Kesho yake ubao mpya ulisema: SARE HIZI HUCHUJA KIDOGO MWANZONI. ZIFUE PEKE YAKE. Mama wa rafiki alisimama akausoma, akacheka.

"Wa kule angeniambia hivi, mashati yangu yangepona," alisema, akaingia kumpimisha mwanawe sare mpya.

Jioni ile Mdadisi alikuwa na nyuzi za kukata.