Unga wa Kinu cha Thurlow

Waliokuwapo kinuni Jumanne ile, tarehe 16 Novemba 1841, ni hawa. Asahel Thurlow, mwenye kinu. Keziah, mkewe, wa ukoo wa Pratt. Hosea Bickford, fundi wa mawe ya kusagia, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, aliyeyachonga mawe yale tangu enzi za baba yake Asahel. Na Lovina, mtoto wa pekee wa akina Thurlow, miaka tisa, aliyelala mgonjwa karibu na jiko, upande wa pili wa mlango unaounganisha nyumba na kinu. Mchungaji hakuwapo. Keziah alitaka aitwe. Asahel aliona haya.

Asubuhi ilikuwa ya jua na baridi kali, kama kawaida ya Vermont, kaskazini mwa Marekani, mwezi huo. Bickford alikula mkate wa mahindi na maharage, akaisifu siagi, kisha akaanza utani wake.

"Bi Thurlow, siku ukimchoka huyu mwenye unga kichwani, mimi bado nina meno manne."

"Manne ya kutafunia nini, Mzee Bickford? Uji?"

Lovina alicheka kitandani, kicheko kikavu kisichofika mbali. Keziah akaenda kumgeuza ubavu. Alimgeuza kwa mkono mmoja, kwa wepesi wa mtu anayegeuza mto wa kulalia.

Bickford aliliona hilo. Akamvuta Asahel hadi kinuni, akaurudisha mlango.

"Mtoto amekuwa hivi tangu lini?"

"Wiki tatu. Tangu tulipomzika mama."

"Na mama yako alipolazwa humu ndani kabla ya mazishi, uliyatenganisha mawe?"

Kila msagaji wa mto ule aliijua desturi. Maiti akiwa ndani ya nyumba, lango la maji hufungwa, jiwe la juu huinuliwa na kuwekwa mbali na mwenzake, mpaka jeneza litoke. Sababu yake haikusemwa. Watu walifanya tu.

"Maji yalikuwa karibu kuganda," alisema Asahel. "Familia kumi na nne zilikuwa zinangoja unga wa majira ya baridi. Nilisaga siku mbili, Mzee. Mama angekuwa hai angeniambia saga."

"Basi ungemuuliza akiwa hai."

Asahel aliinamisha kichwa. Kisha akamwonyesha jambo ambalo hata mkewe hakuwa amelijua. Sanduku la nafaka juu ya mawe lilikuwa tupu tangu Jumamosi. Lango la maji lilikuwa limefungwa. Dirishani, gurudumu la nje lilionekana limetulia, barafu ikining'inia kwenye mbao zake.

"Ngoja," alinong'ona Asahel. "Ni saa yake hii."

Wakangoja.

Jiwe la juu likaanza kuzunguka.

Lilizunguka polepole, bila mtikisiko, bila mlio wa meno ya magurudumu chini ya sakafu. Kwenye mlizamu wa mbao wa kutolea unga, unga ukaanza kushuka. Mweupe. Laini. Asahel alikinga mkono akausugua kwa kidole gumba, kama alivyofundishwa na baba yake, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Ulikuwa na joto. Haukuwa mahindi, wala ngano, wala shayiri.

Bickford aliuchota kidogo akaunusa. Akaurudisha mkono wake haraka.

Ulinuka utosi wa mtoto.

"Siku ya kwanza ulikuwa kiganja kimoja," alisema Asahel. "Jana, nusu ndoo. Mzee, nifanye nini? Niambie, nitafanya. Nivunje kinu? Nikichome moto?"

"Inua jiwe. Sasa hivi."

Walilishika kwa vyuma vya kuinulia, wakakaza skrubu. Halikunyanyuka hata unene wa ukucha. Asahel akalikumbatia kwa mikono yote, likamburuta sakafuni, likamrudisha palepale. Ngozi ya viganja ilitoka. Akalishika tena.

Nyumbani, Lovina alilia. "Baba! Miguu yangu!"

Unga ukazidi.

Mlango ukafunguliwa. Keziah alisimama akitazama sanduku tupu, jiwe, unga. Alielewa ni nani. Ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake mpaka mwisho, akamwosha, akamfunga kidevu. Alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la katikati ya jiwe. Akanong'ona.

"Mama, mwache mtoto. Nipo mimi."

"Keziah, usiseme hivyo! Ondoka hapo!"

Jiwe likasimama.

Lilinyanyuka jepesi. Walilipindua, uso wake ukaelekea juu. Hapakuwa na damu, wala unyevu, wala chembe ya unga. Bickford alipitisha kidole kwenye mikato yake, ile mifereji iliyochongwa ya kusagia, mmoja baada ya mwingine.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Yangu inakwenda na jua. Hii inakwenda kinyume, yote, mpaka ukingoni."

Hakuna aliyeligusa jiwe kwa nyundo tangu Agosti. Mikato ilikuwa mikuukuu, imelainika, kana kwamba ilisaga kinyume kwa miaka mia.

Lovina alikuwa mlangoni, miguu mitupu, akiomba mkate. Asahel alimbeba. Alikuwa mzito tena. Asahel akalia mbele ya watu, akamwambia Bickford ambebe, ahakikishe mwenyewe uzito wake, naye Bickford akambeba, akahakikisha.

Keziah alikuwa akikung'uta mkono wa gauni lake. Unga uliondoka, kisha mkono ukawa mweupe tena. Akakung'uta tena.

"Asahel," alisema kwa sauti ndogo, "mpe mtoto asali iliyoko kabatini. Anaipenda."

Mawe yale hayakuunganishwa tena. Mafundi wawili waliitwa kuitazama mikato, wa pili kutoka ng'ambo ya mto Connecticut, na wote walisema msagaji mwenye akili hawezi kuagiza jiwe la namna ile.

Keziah Thurlow alifariki Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tarehe 19 Novemba.