Balbu ya Pili

Kila asubuhi Agneta alifagia chumba cha picha cha mjomba wake, Khaemba, pale mjini Kitale. Kisha alipangusa ile kamera yenye macho mawili, na sahani ya flashi iliyong'aa kama kifuniko kipya cha sufuria. Balbu ilikaa katikati ya sahani hiyo.

"Kitendawili!" mjomba alizoea kumwambia.

"Tega!"

"Mtoto wangu hufumbua jicho mara moja tu, kisha ni kipofu."

"Balbu ya flashi!" Agneta alijibu akicheka.

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya hamsini, wajukuu zangu. Balbu moja, mwanga mmoja, basi, unatupa. Na baada ya kila picha, mjomba alizungusha filamu mpaka namba mpya itokee kwenye kidirisha chekundu nyuma ya kamera. "Usipozungusha," alionya, "picha mbili zitalaliana."

Likizo ya Agosti walipanda basi kwenda Bungoma, nyumbani kwa Mzee Wepukhulu. Binti yake Sellah alikuwa mgonjwa wa kifua, amebaki mifupa. Alitaka picha ya kumwachia mwanawe Mukhisa, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua. Hakuweza kutolewa nje penye jua, kwa hiyo ilibidi flashi. Mjomba alikuwa na balbu mbili tu: moja ya kazi, moja ya akiba.

Alitayarisha kamera mbele ya kiti, akatoka kunawa mikono. Katika chumba cha ndani, wanawake walikuwa wakimvika Sellah. Sebuleni alibaki Agneta na jirani mmoja, Kukhu, yaani Bibi, Nasambu, ajuza aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Kukhu, kaa hapa nikuonyeshe umeme usio na mvua," Agneta alisema.

"Wewe mtoto, si utaniua bure!" Bibi alicheka, lakini akakaa, kiganja tayari machoni.

Agneta akabonyeza. Chumba chote kikawa cheupe! Bibi akaruka kitini.

"Woi! Ati hiyo ndiyo picha?"

Agneta alikumbuka kwamba balbu zilikuwa mbili tu. Hofu ilimshika. Aliichomoa balbu iliyoungua, ikiwa bado moto, akaifunga kwa leso na kuitia mfukoni. Akaweka ile ya akiba, akaitega kamera tena, tayari kupiga. Filamu hakuizungusha. Namba ingebadilika, na mjomba angejua.

Mjomba alirudi, Sellah akaletwa, akakalishwa kwenye kiti kile kile. Alijikaza akatabasamu. Mwanga ukapiga.

"Tupige nyingine," mjomba alisema, akipekua mkoba. "Agneta, balbu ya akiba iko wapi?"

"Sijui, Mjomba. Labda ilibaki Kitale."

"Haya. Tumwombe Mungu hii moja itoke."

Picha iliposafishwa kule Kitale, mjomba aliipeleka dirishani, akakunja uso. "Agneta, uligusa kamera yangu?"

"Hapana, Mjomba."

Walipoirudisha Bungoma, walikuta watu wamekaa matanga. Sellah alikuwa amekufa. Mzee Wepukhulu aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisogeza penye mwanga. Juu ya kifua cha binti yake, kama moshi, palikuwa na uso wa Kukhu Nasambu.

"Huyu bibi ulimpiga picha?" aliuliza.

"Mimi? Hapana," mjomba alijibu, na alisema kweli.

"Basi ndiye aliyemla dada yangu!" Absalom, kaka yake Sellah, alifoka. Akachomoa kijinga cha moto kwenye moto wa matanga. "Leo nyumba yake inaungua, na yeye ndani!"

Vijana walimshika Kukhu Nasambu, aliyekuwa miongoni mwa waombolezaji, wakaanza kumburuta. "Mtoto yule ndiye aliyenimulika!" bibi alilia. "Mwulizeni!"

"Mchawi hakosi la kusema!" kijana mmoja alisema.

Macho yote yalimgeukia Agneta. Angenyamaza kidogo tu, hakuna ambaye angejua. Lakini kijinga kilikuwa tayari kinapita langoni.

"Ni mimi!" alipiga kelele. Akatoa mfukoni leso ambayo tangu siku ile hakuthubutu kuitupa, akaifungua. Balbu iliyoungua ilikuwa ndani. "Tazameni mkono wake kwenye picha! Anakinga macho kwa sababu nilimmulika. Sikuzungusha filamu."

Absalom akarudi, wote wakaitazama. Kweli, kiganja kilikuwa machoni.

Absalom alitupa kijinga chini. "Kwa hiyo dada yangu hana picha yake peke yake," alisema, akaketi mavumbini akalia.

Mjomba aliichukua balbu ile. "Ungeniambia siku ile, ningezungusha filamu tu. Balbu ya pili ingetosha, na Sellah angetoka vizuri. Kosa lako lilikuwa dogo, mwanangu. Kulificha ndiko kumemnyima mtoto picha safi ya mama yake, na nusura kuue mtu."

Kukhu Nasambu alikuwa akijifuta vumbi. "Itundikeni hivyo hivyo," alisema. "Mukhisa akianza kuuliza, Agneta ndiye atakayemweleza."

Na Mukhisa alikua, akauliza. "Mama ni yupi?"

"Ni huyu anayetabasamu."

"Na kukhu, mbona anaficha macho?"

"Kwa sababu yangu," Agneta alisema, akampakata, akaanza kumweleza tangu mwanzo.