Ombi la Kuondoa Mtumiaji Mmoja

Shauri lenyewe liliitwa "Ombi la Kuondoa Mtumiaji Mmoja Aliyekoma Utumishi": fomu mbili, mihuri mitatu. Mtumiaji huyo alikuwa Bi Masijala, karani aliyefariki mwaka jana. Rafiki yangu, mwandishi wa programu, alitakiwa kufuta jina lake kabla ya saa kumi kwenye hifadhidata ambayo ofisi yao inaikodi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali za kampuni nyingine. La sivyo, mkataba wake hauongezwi.

Alituma amri fupi kupitia programu yake, ikaganda. Jibu likaja kwamba mstari wenye jina lile umeshikiliwa na muunganisho mwingine, uliofunguliwa kwa akaunti ya Bi Masijala mwenyewe.

"Bosi," akamwambia mkuu wake aliyesimama nyuma yake, "kuna mtu kaingia kwa akaunti ya marehemu."

"Mtu, au wewe? Si mlikuwa hamwachani ninyi wawili?"

Rafiki yangu akaukata muunganisho ule. Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha masijala, kiti kikaburuzwa. Kisha vitufe vya kompyuta vikalia, na muunganisho ukarudi.

"Umesikia hiyo?"

"Nasikia visingizio. Ufunguo wa chumba hicho ninao mimi hapa mfukoni."

Akakata tena. Kiti, vitufe. Alipokata mara ya tatu, taa zikazimika. Gizani vitufe vililia polepole, kama vya mtu anayehakiki tahajia. Kompyuta ya rafiki yangu ikaandika: mstari mmoja umefutwa.

"Unaona?" bosi akasema. "Ulikuwa uvivu tu."

Rafiki yangu akafungua orodha. Bi Masijala alikuwemo. Jina lililofutwa lilikuwa la rafiki yangu, na kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba aliyelifuta ni Bi Masijala.