Wodi Iliyokaguliwa kwa Picha

Harufu ya saruji mbichi ilianza Jumatatu saa nne asubuhi, katika ofisi ya wakaguzi ambayo haikuwa imeongezwa hata ukuta mmoja kwa miaka arobaini. Mkaguzi mzee alifungua madirisha, akamlaumu fundi bomba, akaendelea na kazi. Kufukua wizi wa wenzake kulikuwa kumemchosha mpaka kwenye mifupa, na alibakiza miezi miwili tu astaafu.

Jumanne kabati la mafaili likaanza kulia, kilio chembamba cha kichanga.

"Mzee, na wewe unasikia?" katibu muhtasi alinong'ona.

"Nasikia, mama. Usimwambie mtu."

Alijua kilichomo. Ofisi ile ilikuwa na sharti moja, na ndilo lililowafanya hata wakubwa waiogope: mkaguzi haandiki "nimeona" mpaka asimame mbele ya kitu na kukigusa. Lakini wodi ya wazazi ya kule alikoolewa binti yake, ambaye sasa ni mjamzito, aliikagua kwa picha, akaandika "nimeona", na ripoti yake ilikuwa kabatini humo. Safari ilikuwa ndefu, magoti yalimuuma. Baadaye akasikia kwamba pale pana msingi na nyasi tu. Akanyamaza, maana kukiri kungemkosesha mafao.

Alhamisi alimleta mganga. Mganga alinusa kabati, akarudi nyuma, wala hakufungua mkoba.

"Mimi natoa jini lililovamia, mzee wangu. Hili lilikaa kwenye msingi mtupu, wewe ukaliandikia nyumba. Mhuri wenu unaaminika hadi kwa majini."

"Sasa nifanyeje?"

"Futa ulichoandika."

Akaandika barua, huku kilio kikipanda na harufu ya saruji ikizidi na kabati likitikisika kama lina mtu ndani, akaandika kwamba hakwenda, hakuona, hakugusa, kwamba wodi ile haipo na haijawahi kuwepo, na kwamba asihurumiwe; akapiga mhuri, akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi.

Aliporudi palikuwa kimya. Alikaa akalia, kwa uchovu na kwa nafuu.

Simu ikaita. Ni binti yake, anahema.

"Baba, uchungu umenianza tangu asubuhi. Usiwe na wasiwasi lakini, wamenilaza kwenye wodi mpya, safi, tulivu, nipo peke yangu."

"Mwanangu, toka humo! Toka sasa hivi!"

"Nilitaka kutoka kidogo nipunge upepo." Sauti yake ikashuka. "Baba, mbona mlango siuoni?"