Mhoja na Kadi ya Kupimia Macho

Mhoja aliketi nje ya nyumba yake, Magu, akichagua mchele kwenye ungo. Zamani hakukuwa na jiwe lililomponyoka. Siku hizi alipapasa kwa vidole.

Mchana mkwe wake, Rebeka, alitafuna jiwe. Alilitema kimyakimya. Mhoja alisikia, moyo ukampasuka.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mwaka jana, jijini Mwanza, akaona hata tundu la sindano. Sasa ukungu ulikuwa ukirudi kidogo kidogo. Hakumwambia mtu.

Kisha simu ikapigwa. Wote waliofanyiwa operesheni waliitwa zahanati.

"Kuna utafiti, mama," alisema Rebeka. "Wanataka kujua mnaendeleaje."

"Mimi naona vizuri!" Mhoja alijibu haraka mno.

Jioni alimwendea jirani yake, mzee Machibya. Walifanyiwa operesheni pamoja, naye alikwisha kupimwa.

"Ukishindwa wanalikata jicho tena," Machibya alinong'ona. "Wakikosea, ndiyo basi. Lakini usihofu. Kuna kadi yenye alama kama uma. Wanauliza meno yanatazama wapi. Wewe sema: juu, kulia, chini, chini, kushoto."

Mhoja alikariri akisonga ugali. Alikariri akifagia.

Siku ilipofika, Rebeka alimshika mkono mpaka zahanati.

"Shikamoo, bibi," alisema muuguzi Modesta.

"Marahaba, mwanangu."

"Hulazimishwi kuingia kwenye utafiti huu. Ukikataa, matibabu yako yanabaki palepale. Unakubali?"

Mhoja alitamani kukimbia. Lakini akikataa, si watamshuku? Akakubali.

Modesta alisimama mbali na kuinua kadi. "Meno yanatazama wapi?"

"Juu, kulia, chini, chini, kushoto!" Mhoja aliyamwaga yote kabla hajaonyeshwa alama ya pili.

Rebeka alikohoa.

"Bibi," alisema Modesta taratibu, "tangu juzi watu wananijibu hivyohivyo. Leo nimeigeuza kadi, juu iko chini."

Machozi yakamtoka Mhoja. "Usilikate, mwanangu! Ninalo hilihili tu. Liache na ukungu wake!"

Modesta aliketi karibu naye. "Nani kakwambia tutalikata? Ngoja kwanza nilitazame."

Alitia dawa ya matone, akasubiri, akamulika.

"Mtoto wa jicho hajarudi," alisema. "Lenzi uliyowekewa ni nzima. Ngozi nyembamba iliyo nyuma yake ndiyo imeingia ukungu. Huwatokea baadhi ya watu baada ya operesheni. Hospitalini wana mashine ya mwanga maalumu inayoifungua. Hakuna kisu, hakuna kushona. Siku hiyohiyo unarudi nyumbani."

"Na kwa nini mnatuulizauliza?"

"Ili tujue operesheni zetu zinawasaidia watu kweli. Ukinidanganya, nitaandika kwamba unaona vizuri. Sisi tutajipongeza, na wewe utabaki gizani. Wenzako pia, maana hatutajua kwamba wanahitaji kurudi."

Mhoja alijifuta machozi kwa kanga. "Basi andika kwamba sioni."

Safari ya Mwanza aliiogopa vilevile. Mbele ya mashine, aliweka kidevu juu ya kiegemeo. Aliona mimweko midogo ya mwanga. Alisubiri maumivu, hayakuja.

"Tayari, bibi," daktari alisema.

"Tayari nini? Mmeanza saa ngapi?"

Siku chache baadaye alichukua ungo. Jiwe hili hapa. Na hili. Rebeka alikula wali akicheka.

Jioni Mhoja alikwenda kwa Machibya. Alimkuta akimimina chai, nayo ikimwagika kando ya kikombe. Mhoja alikisogeza kikombe chini ya birika.

"Mzee, yale maneno ya kadi, wewe ulifundishwa na nani?"

Machibya aliweka birika chini.

"Jicho liliuma?" aliuliza.

"Halikuuma."

"Basi kesho nishike mkono mpaka zahanati," alisema Machibya. "Mwenyewe njia siioni."