Santuri Zilizorudi Kisagioni

Kiwanda kile siku hizi ni ghala la magodoro. Zamani kilitengeneza santuri, na kazi ya dada yangu ilikuwa kuzisikiliza. Alikaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, hedfoni kichwani, anatafuta mikwaruzo. Mimi nilikuwa ukumbini, nazitia kwenye majalada.

Mumewe alikuwa kwenye mashine ya kugandamiza. Anaweka donge la plastiki ya moto, anashusha mashine, inatoka sahani. Alikuwa na pumu, kifua kikipiga mluzi, tukamwita Birika. "Haya, chai imechemka," tulisema tukimsikia anakuja, naye alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi moja kifua kilimbana. Aliinamia donge lililokuwa tayari, akalipumulia, na mkono wake ukaishusha mashine. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Sahani ilitoka imepinda.

Santuri mbovu hazikutupwa. Zilikatwa karatasi ya katikati, zikasagwa kwenye kisagio, zikachanganywa na plastiki mpya. Ile aliyoipumulia nayo ilisagwa. Hakuna aliyefikiri vinginevyo.

Tulizika, tukarudi kazini. Siku moja wakati wa chakula dada alinivuta bombani.

"Shemeji yako yumo."

"Yumo wapi?"

"Pale kabla wimbo haujaanza. Anapumua."

"Ni mikwaruzo, dada. Kula."

"Mikwaruzo haipigi mluzi."

Nilikuwa na watoto wa kulisha na nguo za kufua. Sikuwa na nafasi ya mizimu.

Dada akaanza kuzikataa santuri. Hakutaka mumewe aingie kwenye sebule za watu. Lakini kila aliyoikataa ilirudi kisagioni, na kisagio kikamgawa shemeji kwenye nyingine nyingi. Mwishowe hakukuwa na santuri asimokuwamo. Dada naye alianza kupumua kwa shida. Hakuwahi kuugua pumu maishani mwake.

Nilienda kumtoa mwenyewe, adhuhuri, jua likiwaka nje. Alikuwa amekaa wima, santuri inazunguka.

"Mpitishe aende," nikamnong'oneza. "Ziache ziuzwe. Utakufa humu."

"Nikimpitisha, ataenda na nani?"

Akanivalisha hedfoni. Nikasikiliza, ili tu anyanyuke.

Kimya. Kisha mluzi. Birika, hasa. Polepole, kama mtu aliyelala.

Kisha pumzi ya pili.

Hiyo niliijua. Nililala nayo kitanda kimoja utoto wangu wote. Nikageuka kumwangalia dada. Alikuwa ananitazama. Macho wazi. Kifua kimetulia.

Niliweka mkono puani pake. Hakuna.

Sikulia. Nilizima gramafoni, nikamfumba macho, nikaitoa santuri ile nikaificha chini ya aproni kabla hawajaja kuipeleka kisagioni.

Kiwanda kilifungwa kanda za kaseti zilipoingia. Santuri ninayo, juu ya kabati, nimeifunga kwa kitambaa. Kuivunja siwezi, najua kilichofuata walipoisaga ya kwanza. Gramafoni sina wala sitaki. Watoto wakiuliza nawaambia ni sinia bovu.

Kitambaa nakibadilisha kila siku ya kufua. Kila mara nakikuta kikavu, isipokuwa sehemu mbili, karibu karibu, penye unyevu. Nikipagusa, bado pana uvuguvugu.