Risasi ya Kweli Fort Lee

Saa nne asubuhi, Machi 1913, katika studio ya filamu mjini Fort Lee, mwongozaji Strobel alianguka mbele ya kamera, asiinuke tena. Hata hakuwa mwigizaji wa onyesho lile. Alikuwa amemtoa mzee Ambrose Kettering dakika ya mwisho, akavaa koti lake. Bastola iliyotakiwa kutoa mlio tu ilikuwa na risasi ya kweli. Aliyeifyatua, Casimir Lund, alisimama nayo mkononi akilia.

Kesho yake, Casimir akiwa mahabusu, mkewe, Nettie, alikuwa kituo cha polisi.

"Sajenti, mume wangu hakujua kitu!"

"Bibie, juzi tu yeye na Strobel walishikana mashati," alisema Sajenti Dunleavy. "Na bastola ina damu. Kiti cha umeme kinamngoja."

"Damu itoke wapi? Strobel aliangukia kule ukutani!"

Dunleavy akakuna kidevu, akaitoa bastola. Nettie akaigusa ile alama nyekundu, akanusa kidole. Haikuwa imekauka. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ya kujipaka usoni.

"Basi ni Pruitt, mtunza silaha?"

"Pruitt hajipaki rangi. Na sisi waigizaji tunajipaka manjano, maana kamera huigeuza nyekundu ikawa nyeusi tititi." Nettie akakitazama tena kidole chake.

Mmoja tu ndiye aliyeng'ang'ania nyekundu ya jukwaani: Kettering, aliyetikisa kumbi za maigizo za New York miaka thelathini, aliyemfundisha Nettie hata kutembea jukwaani. Kwenye filamu mashavu yake yalikuwa mashimo meusi. Watazamaji walicheka mpaka machozi, na Strobel akawazidi.

Nettie na sajenti walimkuta mzee chumbani kwake. Nettie aliomba aingie peke yake. Sajenti akabaki nje ya mlango.

"Mwalimu, kwa nini ulimuua Strobel?"

"Strobel?" Mzee alicheka kwa uchungu. "Binti yangu, nani alitakiwa kupigwa risasi asubuhi ile?"

Nettie akakaa bila kukaribishwa. "Ulitaka kufa wewe."

"Mbele ya kamera. Nikifa kweli, nani atacheka?"

"Na Strobel alipovaa koti lako, mbona hukupiga kelele?"

"Aliniambia, 'Babu, kaa pembeni uone watu wanavyoigiza.' Nikakaa pembeni. Nikaona."

"Haya, tuseme asingekutoa. Ungekufa wewe. Bastola ingekuwa mkononi mwa nani?"

Ilionekana wazi kuwa swali hilo halikuwahi kumpitia mzee kichwani.

"Casimir," alisema taratibu. "Sikumfikiria."

"Anakuita baba."

"Sikumfikiria kabisa, Nettie."

Nettie alimpenda mzee yule kuliko mzazi wake, na wakati huo hakuweza kumtazama. Aliinuka, akaufungua mlango mwenyewe.

"Sajenti," alisema, "ingia umchukue."